Mwizi Kuwa Stelingi: Lugha ya Usimulizi wa Video za Kusaka Hazina katika Mitaa ya Kinondoni na Temeke

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza tatizo moja la lugha ambalo kwa juu juu laonekana dogo: msimulizi wa video katika kibanda cha Temeke au Kinondoni amwiteje mhusika mkuu wa filamu ambaye kazi yake ni kuiba? Swali hili si la msamiati peke yake. Katika mitaa hiyo neno "mwizi" likipazwa njiani, watu hutoka na mawe, fimbo na matairi, na magazeti ya kesho yake huandika kwamba marehemu aliuawa na "wananchi wenye hasira kali". Jioni ya siku hiyohiyo vijana wa mtaa uleule waweza kulipa kiingilio, wakakaa kwenye mabenchi, na kwa muda wa saa mbili wakamshangilia mtu anayevunja makasha ya fedha, anayewadanganya polisi na kutoroka na dhahabu. Lugha hufanya kazi gani hata mambo hayo mawili yakakaa katika kichwa kimoja bila kugongana?

Kielelezo kitakachotumika ni Lupin III, mfululizo wa filamu za katuni za Kijapani unaohusu genge la wezi wanaosaka hazina duniani kote. Haudaiwi hapa kuwa ndio uliotawala vibanda vya Dar es Salaam. Vibanda vilitawaliwa na filamu za mapigano za Hong Kong, filamu za Kihindi na zile za Kimarekani, na baadaye zile za Kinaijeria. Mfululizo huu umechaguliwa kwa sababu ndani yake tatizo limewekwa wazi kabisa: shujaa si askari aliyesingiziwa wizi, wala si maskini aliyelazimika kuiba. Ni mwizi kwa kazi, kwa ukoo na kwa mapenzi. Filamu nyingine nyingi huuficha ukweli huo, hii hujivunia.

2.0 Mwizi mwenye nasaba

Hadithi hii ilianza kama picha za kuchorwa zilizotungwa na Kazuhiko Kato (aliyefariki mwaka 2019), ambaye jina lake la uandishi lilikuwa Monkey Punch. Ilianza kuchapishwa katika gazeti moja la kila wiki nchini Japani mwaka 1967. Mfululizo wa kwanza wa televisheni ulionyeshwa kuanzia Oktoba 1971 katika sehemu 23. Wa pili uliendelea kutoka 1977 hadi 1980 na kufikia sehemu 155. Mwaka 1979 ilitoka filamu ndefu ya Kasri la Cagliostro, iliyokuwa ya kwanza kwa mwongozaji Hayao Miyazaki. Kanda za video ni miongoni mwa njia zilizoisambaza hadithi hii nje ya Japani.

Shujaa ametajwa kuwa mjukuu wa Arsène Lupin, mwizi mwungwana aliyebuniwa na mwandishi wa Kifaransa Maurice Leblanc mwaka 1905. Wenzake ni Jigen, mlenga bastola; Goemon, mpiga upanga; na Fujiko, mwanamke ambaye huwa pamoja nao au dhidi yao kwa kadiri mali inavyoelekea. Nyuma yao daima yupo Inspekta Zenigata, anayefukuza asifike. Majina mawili kati ya haya yana mzigo wa historia kwa sikio la Kijapani. Ishikawa Goemon alikuwa mnyang'anyi wa kweli, aliyeuawa Kyoto mwaka 1594 kwa kutiwa katika chungu kinachochemka. Zenigata ni jina la mpelelezi maarufu wa riwaya za Kijapani zilizoanza mwaka 1931. Mtazamaji wa Tokyo ayasikiapo majina hayo hupata nusu ya hadithi bure. Mtazamaji wa Tandika hapati kitu: kwake hizo ni sauti tupu.

Ifahamike pia kwamba jina la Lupin lenyewe liliazimwa bila idhini ya warithi wa Leblanc. Kwa sababu hiyo mfululizo huu ulipoonyeshwa Ufaransa katika miaka ya 1980, mwizi aliitwa Edgar, na katika nchi nyingine majina mengine yalitumika. Hivyo hadithi ya wizi ilikuwa imeanza na wizi wa jina, na ubadilishaji wa jina la shujaa, ambao wakosoaji wa wasimulizi wa Dar es Salaam huuona kuwa dosari yao ya pekee, ulifanywa Paris na mashirika yenye mawakili.

3.0 Kibanda, deki na msimulizi

Tanzania Bara haikuwa na televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo tangu 1973. Majumba ya sinema, kama vile Empire, Avalon na New Chox, yalikuwa katikati ya jiji. Kwa mkazi wa Mbagala au Manzese, kwenda huko kulimaanisha nauli, muda wa kungoja basi, na mashaka ya kurudi usiku. Masharti ya biashara yalipolegezwa katikati ya miaka ya 1980, deki za video zilianza kuingia kwa wingi zaidi, na mtu mwenye deki moja, televisheni moja na chumba kimoja aliweza kufungua kibanda cha video. Ubao mlangoni uliandikwa kwa chaki majina ya picha na saa zake. Ndani palitundikwa pazia zito la kuzuia mwanga, yakapangwa mabenchi, na joto lilikuwa la kila mtu.

Katika chumba hicho lugha ya filamu ilikuwa Kikantoni, Kihindi au Kiingereza, na aghalabu hakuna aliyeielewa vyema. Hapo ndipo alipozaliwa msimulizi. Mwanzoni alisimama au kuketi kando ya televisheni akisema kwa kinywa chake au kwa kipaza sauti. Baadaye sauti yake ilirekodiwa juu ya sauti asilia, na nakala zikauzwa na kuazimishwa katika maktaba za video. Aliyepata sifa kubwa kuliko wote jijini Dar es Salaam ni Derek Gaspar Mukandala, maarufu kwa jina la Lufufu. Miongoni mwa waliovuma pia ni DJ Mark. Kampala wapo wenzao wanaosimulia kwa Kiganda na kuitwa VJ, na nchini Kenya DJ Afro amejipatia hadhira kubwa kwa Kiswahili cha mitaani. Mwanaanthropolojia wa Kijerumani Matthias Krings, aliyewachunguza wasimulizi wa Tanzania, ameifananisha kazi yao na kuugeuza wali kuwa pilau. Ni mfano mzuri, lakini mwanaisimu hana budi kuuliza viungo vyenyewe ni vipi.

Wauzaji na wanunuzi huiita filamu ya namna hii "iliyotafsiriwa". Neno hilo limewapotosha wasomi wengi. Ukiichukua kanda kama tafsiri, ukakaa na matini asilia upande mmoja na maneno ya msimulizi upande wa pili, utakuta makosa tele: mazungumzo yaliyorukwa, mizaha iliyoongezwa, mji wa Hong Kong uliolinganishwa na Kariakoo. Hapo utafunga daftari ukiandika kwamba tafsiri ni mbovu, na hutakuwa umekiona kilichotendeka.

4.0 Picha kama matini chanzi

Mwansoko, katika Kitangulizi cha Tafsiri (1996), anaifafanua tafsiri kuwa ni kuhamisha mawazo yaliyo katika maandishi kutoka lugha moja hadi nyingine. Kwa fasili hiyo msimulizi wa kibandani hayumo katika tafsiri hata kidogo, kwa kuwa kinachosimuliwa hakikuwa maandishi. Hayumo katika ukalimani pia, maana mkalimani hufuata kauli ya msemaji. Msimulizi anafuata macho. Matini chanzi yake ni picha inayosogea, na maneno ya wahusika ni sehemu ndogo tu ya picha hiyo, kama ulivyo mlio wa bunduki au wa injini.

Ushahidi mmoja wa jambo hili umo katika vitenzi. Mtambaji wa ngano huegemea kiambishi -ka-. Tukio alisimulialo halipo mbele ya hadhira. Limepita, na kila kitenzi kinashikilia mkia wa kile kilichotangulia. Mifano ifuatayo imetungwa kwa ajili ya uchambuzi:

(1) Akaingia, akafungua kasha, akatoka na mzigo.

(2) Huyo anaingia. Anafungua kasha. Mzigo huo, mkononi. Anatoka.

Sentensi ya (1) ni ya jioni, karibu na moto, mbele ya watoto. Sentensi za (2) ni za kibandani. Wakati uliopo wa -na- unakwenda sambamba na picha, na viashiria "huyo" na "huo" vinapata maana kwa sababu kidole cha msimulizi, au sauti yake iliyo badala ya kidole, kinaelekea kwenye kioo. Ukiisoma (2) katika karatasi utaona imekatikakatika. Ukiisikia mbele ya picha imekamilika. Jambo la kulinganisha hapa ni utangazaji wa mpira wa miguu redioni. Mtangazaji naye hutumia -na-, lakini hawezi kusema "huyo" peke yake, kwa kuwa msikilizaji haoni. Analazimika kutaja jina, winga na umbali wa goli. Msimulizi wa video ameondolewa kazi hiyo, na pumzi inayobaki anaitumia kwa mambo mengine: kueleza nia ya mhusika, kutabiri, kutania, kutia methali.

Kiambishi -ka- hakijafa hata hivyo. Hurudi pale picha inaposhindwa kueleza yaliyopita:

(3) Aliiba fedha za kasino Monaco, akazikagua, akagundua ni bandia. Sasa tazama: anakifuata kiwanda chenyewe.

Nusu ya kwanza ni ngano, nusu ya pili ni video, na neno "sasa" ndilo mlango kati yake. Mzungumzaji hodari wa Kiswahili huvuka mlango huo bila kufikiri. Mwanafunzi wa kigeni aliyefundishwa kwamba -ka- ni "wakati wa hadithi" angetatizika kweli hapa, maana hadithi yote ni moja.

5.0 Majina ya mwizi

Sasa turudi kwenye swali la msingi. Kiswahili kina jamii kubwa ya maneno kwa mtu anayechukua kisicho chake, na kila neno lina mahali pake.

Neno mama ni mwizi, litokanalo na kitenzi -iba kwa kupachika kiambishi tamati -i cha mtendaji. Konsonanti b ikikutana na -i hiyo hubadilika, na kwa hiyo pwani husikika pia umbo la mwivi, wingi wake wevi. Lakini jambo lenye uzito zaidi kwa mjadala huu ni unyambulishaji wake. Mswahili aliyepotelewa na simu hasemi "nimeibwa", anasema "nimeibiwa". Kauli ya kutendea imeingia kwa lazima, na kuingia kwake kunampa aliyeumizwa nafasi ya kiima. "Nimeibwa" maana yake ni kwamba mimi mwenyewe ndiye niliyebebwa. Basi sarufi yenyewe, kila wizi unapotajwa, imeacha kiti kwa mwathiriwa, na katika Temeke kiti hicho hakikosi mtu: mama aliyenyang'anywa pochi kituoni Mbagala, kinyozi aliyeamka akakuta duka tupu. Kelele ya "mwizi!" humleta mwathiriwa pamoja nayo, na ndiyo maana huua.

Kibaka ni mdogo wa mwizi. Shina lake ni -baka, yaani kukamata au kunyakua kwa nguvu, na kiambishi ki- kimemdunisha. Hapana filamu inayoweza kusimama juu ya kibaka. Mnyang'anyi yuko barabarani, na nguvu zake ni za mkono. Jambazi ni mwenye silaha, na neno hilo huhusishwa na Kiajemi, ambako hutajwa mtu anayeichezea roho yake kama mwanasarakasi. Kama asili hiyo ni sahihi, basi neno limeanza na hatari anayojitia mtendaji na kumalizikia kwenye hatari anayowatia wengine. Haramia, kutoka Kiarabu, ni wa baharini au wa jangwani, na umbali wake umemtakasa kidogo: hakuna mtu wa Mtoni aliyewahi kuibiwa na haramia, kwa hiyo mtoto anaweza kucheza kuwa haramia bila kuchapwa. Tapeli hutumia maneno. Fisadi hutumia ofisi.

Lupin hakai sawasawa katika lolote kati ya haya. Ana bastola, lakini si jambazi kwa vitendo vyake. Hudanganya kama tapeli, lakini hujitangaza mapema, hata kumtumia mwenye mali barua ya kumwarifu kwamba atakuja kuiba. "Mwizi" ni sahihi kwa kamusi na ni hatari kwa hadhira. Msimulizi akianza kwa kusema "Huyu hapa ni mwizi", amekwisha kuwapanga watazamaji upande wa mwenye kasha. Kinachoweza kumwokoa kwa upande wa kitenzi ni kuepuka -ibia. Vitenzi kama kuchukua, kubeba na kukomba havidai mwathiriwa: "amebeba mzigo", "amekomba kila kitu". Sarufi imefunga kile kiti, na mwenye kuumia haonekani.

6.0 Stelingi

Kwa upande wa nomino, vibanda vilipata jibu ambalo hakuna kamati ya istilahi ingelibuni. Neno stelingi (wengine husema steringi au staringi) limetokana na neno la Kiingereza linaloandikwa kwenye mabango na mwanzoni mwa filamu kabla ya jina la mchezaji mkuu. Katika Kiingereza ni kitenzi, na maana yake ni kwamba filamu hii inamwonyesha fulani katika nafasi ya juu. Mtazamaji wa Kiswahili aliliona mbele ya jina la mtu, akalichukua kama cheo cha mtu huyo, mithili ya Bwana, Kapteni au Shehe. Kifonolojia, irabu i imeongezwa mwishoni ili silabi ifungwe kwa irabu, na r na l zimepokezana kama zinavyopokezana katika vinywa vya watu wa bara waliohamia Dar es Salaam. Kisarufi, neno limeingia bila kiambishi katika umoja, likachukua ma- katika wingi, na upatanisho wake ni wa viumbe hai: stelingi amekuja, mastelingi wamekuja.

Kisemantiki neno hili ni la ajabu kwa ubaridi wake. Halisemi kwamba mtu ni mwema. Halisemi kwamba ni mwovu. Linasema kwamba hadithi ni yake. Kinyume chake ni "adui", na adui naye haitwi hivyo kwa sababu ya maovu yake, bali kwa sababu amesimama mbele ya stelingi. Inspekta Zenigata ni mtumishi mwadilifu wa sheria, hala rushwa, hachoki. Katika lugha ya kibanda, muda mwingi wa filamu, yeye ndiye adui. Na kila mtoto wa mjini anajua kanuni kwamba stelingi hafi. Kanuni hiyo ni ya utunzi wa hadithi na wala si ya maadili, ila watoto huitaja kwa uhakika kama ule wa kutaja sheria ya maumbile.

Hapa inafaa kulinganisha na riwaya ya upelelezi ya Kiswahili. Bwana Msa wa Muhammed Said Abdulla, katika Mzimu wa Watu wa Kale (1960), ni mpelelezi. Faraji Katalambulla katika Simu ya Kifo (1965) amejenga hadithi yake juu ya uchunguzi wa mauaji. Willy Gamba wa Elvis Musiba, aliyetokea katika Kufa na Kupona (1974), anaitumikia serikali, na Joram Kiango wa Ben Mtobwa, japo mhuni kidogo, husimama upande huohuo. Kwa muda mrefu maandishi yalimweka shujaa nyuma ya mwizi, akimfuatilia. Mwizi mwenyewe alikuwa nani katika Kiswahili kabla ya video? Alikuwa Sungura, na alikuwa Abunuwasi. Sungura huchota kisimani alikokatazwa, hula shambani asikolima, na waliomzidi nguvu hubaki wakigombana. Hakuna mzee aliyemsimulia mjukuu wake kisa cha Sungura akaogopa kwamba mtoto atakuwa kibaka.

Kwa hiyo mwizi wa video hakuja ugenini. Alipitia mlango ambao maandishi yalikuwa yameufunga na masimulizi yameuacha wazi, na stelingi ni jina jipya la nafasi ya zamani. Masharti yake pia ni ya zamani: wanaoibiwa lazima wawe wakubwa. Lupin huwaibia makabaila, wenye makasino na wachapaji wa fedha bandia, kama Sungura anavyowaibia Simba na Tembo. Siku stelingi atakapomwibia mwuza mihogo, neno litavunjika, na kibanda kizima kitapiga kelele ileile ya barabarani.

Wapo wazazi na viongozi waliolalamika kwamba vibanda hufundisha wizi, na malalamiko hayo hayawezi kupuuzwa kwa uchambuzi wa leksimu moja. Vibanda viliwatorosha watoto shuleni; hilo halihitaji mwanaisimu. Lakini kama watazamaji wangeshindwa kumtenga mwizi wa kioo na mwizi wa mtaa, tungetarajia wawaite kwa jina moja. Hawakufanya hivyo.

7.0 Hazina na kanzi

Neno la pili lenye matatizo ni lile la kitu kinachosakwa. Kiswahili kina hazina na kanzi, yote kutoka Kiarabu. Kanzi ni mali iliyofukiwa au kufichwa. Hazina kwa asili ni mali iliyowekwa ghalani chini ya ulinzi. Frederick Johnson alipoitafsiri riwaya ya R. L. Stevenson mwaka 1929 aliiita Kisiwa chenye Hazina, ingawa mali yenyewe ilikuwa imefukiwa na maharamia. Waarabu walipoingiza sauti zao katika mfululizo wa katuni wa Kijapani uliotokana na riwaya hiyohiyo (ulitengenezwa mwaka 1978 na kampuni ileile iliyotengeneza Lupin), walitumia kanz. Kiswahili kimeiacha kanzi ikafifia, na hasara yake inaonekana kibandani. Nchini Tanzania, Hazina ni ofisi ya serikali inayotunza fedha za umma. "Mwizi wa hazina" katika sikio la mlipa kodi wa Temeke si mpanda kuta za kasri. Ni mtu mwenye gari na dereva. Msimulizi mwenye busara atasema dhahabu, almasi, mali au mzigo, na wala hatajua kwa nini ulimi wake umelikwepa neno hilo.

Dhana ya mali iliyofukiwa, kwa upande mwingine, haihitaji kufafanuliwa. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walichapa Tabora sarafu za dhahabu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Tangu waondoke, bara na pwani zimejaa habari za masanduku ya Mjerumani yaliyozikwa chini ya mibuyu na maboma, na pwani huongezwa jini mlinzi. Kwa hadhira iliyokulia habari hizo, ramani, pete na mlango wa siri ni vitu vya nyumbani.

Filamu ya Kasri la Cagliostro inaleta mtihani mgumu kuliko yote mwishoni mwake. Lupin amemwokoa binti wa ukoo wa watawala kutoka kwa kabaila aliyetaka kumwoa kwa nguvu ili aunganishe pete mbili zinazofungua siri ya hazina. Maji ya ziwa yanapokauka, hazina inadhihirika kuwa ni magofu ya mji wa Kirumi, kitu kisichobebeka. Mwizi anaondoka mikono mitupu. Inspekta, akifika amechelewa kama kawaida, anamwambia binti kwamba mwizi huyo ameiba kitu cha thamani kubwa, nacho ni moyo wake.

Kiswahili kina usemi uliokomaa kwa jambo hili: kuuteka moyo. Kitenzi -teka ni cha vitani. Ndicho kilichozaa mateka. Ni kizuri, lakini hakina mwizi ndani yake, na msimulizi akikitumia atakuwa ametoa maana na kuua mchezo wa maneno. Akisema "ameuiba moyo wako" atahifadhi mchezo, japo usemi utakuwa mpya kidogo. Na kuna uwezekano wa tatu: "umeibiwa moyo". Hapa kauli ya kutendea inarudi. Kwa filamu nzima msimulizi ameifukuza ili mwathiriwa asionekane. Katika sentensi ya mwisho anaweza kumrudisha, kwenye kiti chake cha kiima, naye ni msichana anayetabasamu.  Ni mali ya lugha lengwa, na mtafsiri anayeandamana na neno kwa neno hawezi kuiona.

8.0 Kanda

Inashangaza kidogo kwamba Japani, nchi ya Lupin, iliwahi kuwa na wasimulizi wa aina hii. Wakati wa filamu zisizo na sauti walikuwapo wasemaji walioitwa benshi, waliosimama kando ya pazia na kuwasemea wahusika. Wengine walikuwa maarufu kuliko wachezaji. Filamu zenye sauti zilipoingia katika miaka ya 1930 walipoteza kazi. Mmoja wao alikuwa kaka yake mwongozaji Akira Kurosawa, aliyejiua mwaka 1933. Sehemu kubwa ya maneno yao haikurekodiwa, na wachache wanaoiendeleza sanaa hiyo leo hulazimika kuyatunga upya.

Wasimulizi wa Dar es Salaam walirekodiwa, lakini katika hali isiyodumu. Utepe wa VHS hupoteza sumaku, huota ukungu katika unyevu wa pwani, na mara nyingi kanda moja ilirekodiwa juu yake tena na tena kwa kadiri picha mpya zilivyofika. Kampuni ya Funai, iliyokuwa ya mwisho kutengeneza deki za VHS, iliacha kazi hiyo Julai 2016. Kutoka kwenye kanda wasimulizi walihamia kwenye VCD na DVD, na zamani zao hazikuhamishwa zote. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 nayo imewaweka pabaya: kanda iliyotafsiriwa bila kibali cha mwenye filamu haiwezi kuingizwa kwa urahisi katika maktaba ya umma, hata kama kinachotakiwa kuhifadhiwa ni sauti ya Mtanzania na wala si picha ya mtu wa nje. Upo uwezekano wa kuitenga sauti hiyo na kuiandika, kwa saa na dakika, pamoja na jina la picha, mtaa na mwaka, bila kuigusa picha. Kazi hiyo ni ya kuchosha, na wanafunzi huikimbia.

Filamu ya Miyazaki inaweza kununuliwa leo ikiwa safi kuliko ilivyotazamwa mwaka 1979. Kanda iliyosimuliwa Tandika katika miaka ya 1990 haina nakala safi popote. Mwenye kutaka kuisikia hana budi kwenda kwa mwenye kibanda wa zamani, kuuliza kama bado lipo boksi uvunguni, na kutumaini kwamba deki ya kuichezea itapatikana.